Kupunguza mwili bila kushinda njaa: shajara ya jiko la Ngamiani

Mradi wenyewe

Shajara hii ni ya watu wawili wanaotaka kupunguza mwili na bado wanataka kula: mimi, fundi cherehani, na wifi yangu, anayekaanga vitumbua alfajiri na kuviuza barazani. Tunakaa nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga, na chungu chetu ni kimoja. Wanaokula humo ni watano, akiwamo mama mkwe. Kwa hiyo chochote tunachojaribu lazima kipikike kwenye sufuria ya nyumba nzima na kilipiwe na fedha ya nyumba ya kawaida.

Naandika kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda sawa nayapita haraka. Yaliyoharibika nayaeleza kwa urefu, maana hayo ndiyo yanayowarudisha watu wengi walikotoka. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za sukari au presha asiige kabla ya kuonana na daktari. Dawa za sukari zikikutana na chakula pungufu zinaweza kumwangusha mtu chini.

6 Januari 2025: vipimo vya mwanzo

Mimi: uzito kilo 88, urefu sentimita 160, umri miaka 38, kiuno sentimita 104. Wifi: kilo 94, urefu 165, kiuno 108. Viuno nimepima mwenyewe kwa futi ya kazini. Futi ipite usawa wa kitovu, mtu awe ameshusha pumzi, ilale juu ya ngozi wala si juu ya kanga, isikazwe wala kulegea. Anayeikaza leo na kuilegeza mwezi ujao atajidanganya sentimita tatu nzima.

Uzito tunapima kwenye duka la dawa la jirani, shilingi 500, asubuhi kabla ya chai. Zahanati tumepimwa presha na sukari kwa shilingi 7,000 kila mtu, na wote tuko salama.

Mpango wa kwanza ni ule unaozunguka kila Januari: maji ya moto na ndimu asubuhi, papai au tango mchana, jioni mchicha wa kuchemsha na kipande cha samaki. Ugali hakuna, wali hakuna, chai ya sukari hakuna. Wifi ameongeza majani ya kupunguza mwili aliyouziwa na mchuuzi, paketi shilingi 25,000.

19 Januari: mpango wa kwanza umevunjika

Mizani inasoma kilo 84.2. Kwa anayetazama namba peke yake, mpango umefaulu. Yaliyo nyuma ya namba ni haya.

Usiku silali vizuri, naamka saa tisa tumbo likinguruma. Vidole vinakuwa vya baridi, na hii ni kaskazi, joto la Tanga linajulikana. Choo kimekuwa kigumu. Ijumaa nilikata kitenge cha mteja, gauni la mikono mirefu. Chaki nilichora vizuri, lakini kitambaa sikukikunja uso kwa uso kama inavyotakiwa, mikono yote miwili ikatoka ya upande mmoja. Kitambaa kilichobaki hakikutosha kukata mwingine. Kitenge kipya kimegharimu shilingi 32,000, na nimekiingiza kwenye gharama za mradi huu, kwa sababu mtu aliyekula vizuri asingekosea hesabu ya mkono aliyoifanya miaka yote.

Usiku wa Jumamosi nikala vitumbua vilivyobaki kwenye hotipoti, nikaendelea na kiporo cha wali, kisha mkate na siagi, nimesimama jikoni, na kushiba sikukuona.

Chakula cha siku moja cha mpango ule nimekipigia hesabu: hakifiki kalori 600. Mwili wangu unahitaji karibu 2,000. Pengo la namna hiyo halivumiliki kwa mtu anayefanya kazi ya macho na mikono.

2 Februari: kwa nini njaa inashinda

Kilo zimerudi hadi 86.3 ndani ya muda mfupi tu wa kula kawaida. Wengi hapa ndipo wanapokata tamaa na kusema miili yao haipungui. Kinachotokea ni hiki. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia gramu 3 hivi za maji. Ukiacha ugali na wali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ukirudi kula, yanarudi. Mafuta ya mwili ni jambo jingine: kilo moja ina kalori zipatazo 7,700, na kuiondoa kunahitaji upungufu wa muda mrefu. Kwa hesabu yangu, karibu nusu ya kilo nilizopoteza ilikuwa maji na utumbo mtupu.

Kuhusu ile hali ya kuwaza chakula mchana kutwa, lipo jaribio maarufu lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwishoni mwa 1944 hadi 1945. Mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliokataa kupigana vita kwa sababu za imani na kujitolea kwa utafiti, akawapa chakula cha nusu shibe kwa wiki 24, kama kalori 1,600 kwa siku, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanasikia baridi, wananuna, wanaramba sahani, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wakati kabla ya hapo hawakuwa na habari navyo. Nilipolisoma hilo nilizikumbuka zile video za mapishi nilizokuwa naangalia kitandani usiku. Ule haukuwa ulafi. Ni mwili unaodai haki yake.

Basi uamuzi wa mradi umebadilika: tunatafuta kiasi kikubwa kabisa cha chakula ambacho bado kinapunguza mwili.

Wifi hajakubali bado. Anasema, "Wifi, mimi najiona nakwisha, niache kidogo." Anaendelea na majani yake.

9 Februari: hesabu mpya na mizani ya jikoni

Kanuni tuliyotumia kukadiria kalori ambazo mwili unatumia ni ya Mifflin na St Jeor, ya 1990. Kwa mwanamke: kilo zidisha kwa 10, ongeza sentimita za urefu zidisha kwa 6.25, toa umri zidisha kwa 5, toa 161. Kwangu: 880 + 1,000 − 190 − 161 = 1,529. Hizo ni kalori za mwili uliolala tu. Anayekaa siku nzima huzidisha kwa 1.2, anayejishughulisha kidogo kwa 1.375. Mimi nimechukua 1.3, ikaja 1,990 hivi. Nikatoa 400, nimebaki na 1,600 kwa siku. Kwa upungufu huo mafuta yatapungua kama kilo moja na nusu kwa mwezi. Ni polepole, na tumekubali.

Thamani za vyakula nazitoa kwenye majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Programu za simu zinajua mkate wa Ulaya vizuri sana, lakini ukitafuta matembele au dagaa unapata majibu ya kubahatisha.

Mizani ya jikoni ya kidijitali nimenunua shilingi 18,000. Hiki ndicho kifaa kilichobadilisha mradi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ugali. Namna ya kupima chakula cha sufuria moja ni hii. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake kwa kalamu ya rangi chini ya mpini. Pima unga mkavu kabla ya kusonga. Ukimaliza, pima sufuria na ugali, toa uzito wa sufuria. Sisi tulitumia gramu 500 za dona, ugali ukatoka gramu 1,600. Unga wa gramu 100 una kalori 360 hivi, kwa hiyo ugali wote ni kalori 1,800, na kila gramu 100 za ugali ni kalori 112 au 113.

Kisha nikapakua kama ninavyopakua siku zote na kuweka sahani mizani. Gramu 620. Yaani karibu kalori 700 kabla ya kitoweo kugusa sahani. Sasa napakua gramu 300, na nafasi iliyobaki inajazwa mboga ya majani na maharage au samaki. Sahani ni ileile, imejaa vilevile.

23 Februari: mafuta, nazi na sukari

Ugali tumeudhibiti lakini uzito haukutikisika wiki nzima, 86.2. Tukaanza kuwinda mahali kalori zinapojificha.

Mafuta ya kula kwanza. Kupima kila kijiko nyumba ya watu watano ni ugomvi, kwa hiyo tukapima chupa. Lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9. Lita nzima ni karibu 8,300. Kwetu lita ilikuwa inaisha kwa siku tano. Gawanya kwa watu watano: kila mmoja kalori 330 kwa siku, kutoka kwenye mafuta peke yake, na hapo vitumbua vya biashara havimo, vina chupa yao. Tumeandika tarehe kwenye chupa mpya na kukubaliana isiishe kabla ya siku tisa. Vitunguu vinakaangwa kwa vijiko viwili, nyanya zinaingia mapema zitoe maji yake, mfuniko unawekwa. Ladha haijapungua.

Nazi ni jambo gumu zaidi, kwa sababu Tanga bila nazi si Tanga. Nyama ya nazi iliyokomaa, theluthi moja ya uzito wake ni mafuta. Tulijaribu kuiacha kabisa. Mchicha ukakataliwa, watoto wakaacha bakuli limejaa, mama mkwe akauliza kuna msiba gani. Suluhisho lililodumu ni nusu nazi kwa sufuria badala ya nzima: tui jepesi linapikia, tui zito linatiwa mwishoni kabisa na moto kuzimwa, harufu inabaki juu. Nusu ya pili inakaa kwenye friji hadi kesho yake.

Sukari: kijiko changu cha chai kilichojaa kina gramu 6 kwenye mizani. Vijiko vitatu kwa vikombe vitatu ni gramu 54, zaidi ya kalori 200 kila siku. Nimeshuka kijiko kimoja kila wiki, sasa natia kimoja, na tangawizi na hiliki nimeongeza.

Wifi ameacha majani. Tumbo lilikuwa linamkata na kuharisha kunamtoa jikoni katikati ya kukaanga. Tulisoma paketi kwa tochi ya simu: kiungo cha kwanza ni sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kufungua choo, inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula hufyonzwa kabla hakijafika huko, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo mtu anapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Shilingi 25,000 zimekwenda hivyo.

Machi: Ramadhani

Mwezi huu sisi mafundi hatulali. Nguo za Idi zinaingia hadi dirishani. Tumeamua mapema kwamba Ramadhani si mwezi wa kupunguza. Lengo ni kushikilia kilo zilipo, 85.8, na kufunga kwa nguvu.

Wiki ya kwanza ilienda vibaya. Futari ilikuwa mihogo ya nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, kisha usingizi, na daku nikaliruka. Alasiri kichwa kinapasuka, tundu la sindano silioni. Futari ya vyakula vya wanga na mafuta inajaza haraka ila haimfikishi mtu kesho yake.

Tulichobadilisha ni mpangilio. Magharibi tunafungua kwa tende tatu na maji, na kikombe cha uji. Tunaswali. Baada ya hapo sahani kamili: samaki au kunde kwanza, mboga, kipande kimoja au viwili vya muhogo. Kaimati mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa, na zinaliwa kwa furaha bila kuhesabiwa. Daku limekuwa la lazima: kiporo cha ugali au wali kwa maharage, yai la kuchemsha, bilauri ya mtindi, maji mengi. Maharage na mtindi wa daku ndivyo vinavyonifikisha alasiri.

Siku ya Idi tulikula pilau. Wiki moja baadaye mizani ikasoma 85.4. Mpango wa kushikilia umetimia, na nguo zote zimetoka kwa wakati.

4 Mei: nywele za wifi

Jumapili hii wifi alikuwa anafumua nywele, mimi nikimsaidia upande wa nyuma. Kila msuko uliofumuliwa ulibaki mkononi na fungu zima la nywele, na kwenye ncha ya kila unywele kile kitone cheupe cha mzizi. Kanga ya mapajani ikajaa. Aliogopa sana, na mimi niliogopa.

Zahanati walituuliza kwanza kama amepata homa kali au kujinyima chakula miezi iliyopita. Ndiyo maelezo yenyewe: mwili ukikosa chakula ghafla, nywele nyingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau. Wengi hulaumu mafuta ya nywele au msusi. Kwa kawaida huota tena miezi michache chakula kikirudi.

Wakampima na wingi wa damu: gramu 10.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Kipimo shilingi 5,000, vidonge vya madini chuma 3,000.

Kwenye sahani yake tumefanya mabadiliko haya. Dagaa na maharage kila siku, matembele au mchicha, na chungwa la Muheza au ndimu pamoja na chakula, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mimea. Chai ya rangi imehamishwa, inanywewa saa moja au mbili mbali na chakula, kwani inazuia madini hayo. Hesabu yake mpya ni kalori 1,700, ameanza kupakua kwa mizani kama mimi. Tangu hapo hajataja majani tena.

1 Juni: kitoweo kwa bei ya Mgandini

Uzito 82.9, kiuno 98. Nalala usiku kucha.

Kinachotushibisha muda mrefu ni protini, na ndiyo inayolinda misuli isiliwe pamoja na mafuta. Lengo langu ni gramu 90 kwa siku. Swali la kila mtu ni fedha, kwa hiyo nilizunguka Soko la Mgandini na daftari nikitafuta bei ya gramu moja ya protini. Maharage kilo shilingi 3,200: gramu moja ya protini inakuja shilingi 15 hivi. Dagaa wakavu kilo 12,000, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini: shilingi 20. Mayai, trei 10,500: shilingi 58. Changu mbichi, ukitoa kichwa na miba: zaidi ya 100. Karanga zinaonekana rahisi, kama 16, lakini gramu 100 zake zina kalori zaidi ya 560, kwa hiyo zinahitaji mkono mzito wa kujizuia.

Siku yangu ya kawaida sasa: asubuhi mbaazi za tui jepesi na mayai mawili na chai, bila andazi. Mchana kwa mama lishe aliye pembeni ya kibanda changu. Nilimwambia, "Dada, nipunguzie wali nusu, niongezee maharage na mchicha, bei ileile." Akanitazama. "Basi shoga yangu, wote wanagombana na mimi niwaongeze wali." Siku hizi ananijazia mchicha mpaka unamwagika, 2,500. Saa kumi mtindi na tunda. Usiku ugali gramu 300, samaki au dagaa, matembele, bamia au kisamvu kwa wingi.

Dagaa walitushinda mwanzoni kwa shombo na mchanga. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, waloweke na ndimu kidogo, kisha wakaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu hadi walie. Hapo ndipo nyanya na kitunguu viingie.

13 Julai: mizani imekwama

Uzito 82.3, wiki baada ya wiki. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kukata ugali wote. Tulikubaliana hakuna kinachopunguzwa kabla ya kupima upya kila kitu kwa wiki moja.

Yaliyoonekana ni matatu. Karanga ninazotafuna nikiwa kwenye cherehani: fungu la shilingi 200 lina gramu 40, kalori 230, na mafungu mawili yalikuwa yanaisha mchana bila kuandikwa popote. La pili, chupa ya mafuta. Binti yetu anayepika shule zikifungwa hakuambiwa habari za siku tisa, ikawa inaisha siku ya sita. La tatu ni la wanawake wote: siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji, kilo moja hata moja na nusu. Kulinganisha wiki hiyo na wiki nyingine hakufai. Sasa nalinganisha wiki ya kwanza baada ya hedhi na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Karanga zimewekwa kwenye kikopo kidogo, gramu 20, zinaliwa pamoja na tunda. Binti ameonyeshwa chupa. Ugali haujaguswa.

17 Agosti: mwili mdogo, hesabu ndogo

Uzito 81.0, kiuno 94. Mwili ukipungua, mahitaji nayo yanapungua. Nimerudia kanuni na imetoka 1,459, mara 1.3 ni karibu 1,900. Ziko njia mbili: kupunguza chakula kwa kalori 90, au kutembea zaidi. Tumechagua miguu. Jioni mimi na wifi tunatembea kuelekea Raskazone, na nyumbani tunanyanyua ndoo za maji nusu na kusimama na kuketi kwenye stuli, ili misuli ibaki. Chini ya 1,550 sishuki. Nilishaona kilichoko huko.

Mama mkwe ameniita pembeni baada ya Isha. "Mwanangu, shingo imetoka mifupa. Umepungukiwa na nini humu ndani?" Hapa kwetu mwanamke akipungua watu husema anaumwa au ndoa inamtesa, na yeye alikuwa na hofu ya kweli. Nilimwambia, "Sijapungukiwa na kitu, mama. Kesho nitapakua mbele yako." Kesho yake alikaa nami jikoni, akaangalia samaki, maharage, kilima cha matembele, ugali wa gramu 300. Akasema, "Hii ni sahani ya mtu mzima." Tangu hapo ndiye anayemnyamazisha kila jirani anayeuliza, na tui lake mwenyewe anataka jepesi, kwa ajili ya presha.

28 Septemba: tulipofika

Mimi kilo 79.5, kiuno 91. Wifi 86.8, kiuno 99, damu 12.3, na nywele fupi mpya zimesimama pembeni mwa paji lote.

Gharama zilizotoka mfukoni: mizani ya jikoni 18,000, zahanati zote pamoja 22,000, kitenge cha mteja 32,000, majani 25,000. Hizo mbili za mwisho, 57,000, ni za mpango wa njaa peke yake. Chakula cha kila siku kimepanda kidogo kwenye mayai, dagaa na mtindi. Mafuta yameshuka kutoka lita sita hadi lita tatu na kidogo kwa mwezi, sukari imeshuka nusu, soda hainunuliwi ila siku za wageni. Mwisho wa mwezi daftari la nyumba linaonyesha tofauti isiyozidi shilingi 10,000.

Kiasi ambacho bado hatujakipima sawasawa ni kisamvu, kwa sababu wifi anakipika kwa karanga na mimi kwa nazi, na sufuria hizo mbili hazilingani hata kidogo. Wiki ijayo tunapika zote mbili siku moja, kwa majani ya kipimo kimoja, na namba zitaandikwa hapa. Tukifika mimi 75 na wifi 80, upungufu unafungwa: tutaongeza kalori 100 kila wiki, kwanza kwenye ugali, hadi mizani isimame.